Bakari Mtipa na Leseni ya Kutukana

Watu wa Mpapura wakitaka kumsifu mtu aliyekwisha kufa husema alikuwa mpole, hana neno na mtu. Shemeji yangu Bakari Mtipa hawezi kusifiwa hivyo, maana alikuwa na neno na kila mtu, hasa na maiti. Kwa maneno hayo alishtakiwa na Jamhuri, akahukumiwa kifungo, akakata rufaa hadi mbele ya majaji ambao juu yao yuko Mungu peke yake. Mimi nilikuwapo. Wengi wanaoisimulia kesi hii siku hizi hawakuwapo, na baadhi yao walikuwa hawajazaliwa, lakini ndio wenye sauti kubwa.

Bakari alikuwa mdogo wake mume wangu. Mtu mfupi, kifua kama pipa, kuli wa bandari ya Mtwara. Msimu wa korosho alipanga chumba Magomeni ya huko huko Mtwara akabeba magunia; msimu ukiisha alirudi Mpapura na baiskeli yake, nyumba yake na yangu zikitazamana. Kazini hakuwa na sifa ya ajabu. Sifa yake ilikuwa msibani.

Ukoo wetu na ukoo wa kina Likwata ni watani. Mababu walipigana ng'ambo ya Ruvuma, wakauana mpaka wakachoka, kisha wakapatana kwamba tangu hapo watapigana kwa ulimi. Akifa mtu wao, sisi ndio tunaochimba kaburi, na sisi ndio tunaomtukana marehemu na wafiwa wake mpaka mwenye kulia ashindwe kulia. Hakuna kukasirika. Mfiwa hujibu tusi kwa tusi, halafu humpa mtani kitu, mara nyingi kuku, na mtani hutoka kaburini ili maiti aingie. Asipopewa hatoki. Tukifiwa sisi, wao nao hutufanyia hivyo hivyo. Kwetu msiba usio na mtani ni sawa na kufukia mzoga.

Mwaka wa sitini na nane akafa mzee Likwata, baba yake Athumani. Athumani tulimjua akichunga mbuzi, pua hazifutiki, lakini wakati huo alikuwa amekwisha kuwa Katibu Tarafa. Alikuja kumzika baba yake kwa Landrova ya serikali, na ndani ya Landrova alikuwamo mgeni kutoka mkoani, bwana mmoja mwenye miwani ya jua asiyeitoa hata kwa marehemu.

Bakari alikuwa ndani ya kaburi, udongo umemfika kifuani, jembe kaliegemeza begani kama bunduki.

"Kaburi hili nimelichimba jembamba," alisema. "Marehemu hakupenda kitu kizidi. Mkimwachia nafasi ataipangisha."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Ndipo akamwona Athumani na shati lake jeupe.

"Na mzee huyu kazaa watoto saba," akasema. "Sita watu, mmoja Katibu Tarafa. Wale sita wanalima mihogo. Huyu analima mikutano, na mavuno yake ni hilo tumbo."

Nawaambia, hata shehe alikohoa ili asicheke. Athumani mwenyewe alicheka, nilimwona kwa macho yangu, na akajibu kama mtoto aliyelelewa. Alisema katika ukoo wetu mtu akifa panya hufanya karamu, maana mlaji mmoja kapungua. Likabaki jambo la kuku. Athumani alikuja na Landrova tupu. Watu wa ofisini hawabebi kuku. Dereva wake akatazama huku na huku, akamwona jogoo mwekundu anapita zake kando ya uwanja, akamkamata, akampa bosi wake, na bosi akampa Bakari. Bakari akapanda juu, tukamzika mzee. Jogoo yule alikuwa wangu. Nilinyamaza, kwa kuwa mwanamke mwenye adabu hadai jogoo mbele ya maiti.

Mambo yangeishia kwenye ubwabwa wa matanga. Lakini dereva alituhadithia baadaye kwamba walipokuwa njiani kurudi, mgeni mwenye miwani alinyamaza mpaka karibu na mjini, kisha akamwuliza Athumani, polepole tu, kama kweli katika tarafa yake kuli anaweza kumtukana kiongozi hadharani na kiongozi akamzawadia kuku. Athumani hakulala. Angeeleza kwamba huyu ni mtani wake. Lakini kumweleza mkubwa kwamba wewe una watani ni kumwambia kwamba ulizaliwa na watu, na Athumani wakati ule alikuwa anapenda ijulikane kwamba alizaliwa na semina.

Polisi wakamkuta Bakari langoni bandarini, gunia kichwani. Aliomba kwanza alitue.

Mashtaka yakawa kutumia lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani. Katika mahakama ya wilaya karani akayasoma yale maneno kwa sauti, kama sheria inavyotaka: watoto saba, sita watu, mmoja Katibu Tarafa. Chumba kizima kikacheka. Hakimu, mtu wa kaskazini, mpole, akagonga meza, akaamuru yasomwe tena kwa kuwa hakusikia vizuri. Yakasomwa tena, wakacheka tena, na polisi wa mlangoni akatoka nje kwenda kucheka huko. Nilifikiri moyoni: Bakari alilisema tusi hili mara moja, kwa watu waliokwenda kuzika. Serikali inalisema mara mbili, kwa mhuri.

Hakimu akamwuliza kama aliyatamka.

"Niliyatamka, mheshimiwa," Bakari alijibu. "Na mengine mazuri zaidi polisi wameyasahau."

Athumani alipopanda kizimbani alieleza yote kama yalivyotokea, na kuku akamtaja, maana alikwisha kuapa kwa msahafu. Karani akaandika. Hakimu mwishoni akasema mila nzuri tutazidumisha na mila mbaya tutaziacha, na kwamba hii ya utani ameitazama sana asijue iko fungu gani. Kwa hiyo miezi sita.

Miezi sita kwa kuli maana yake ni kazi kwenda kwa mwingine. Mke wake Zuhura alikuwa mjamzito. Na akifungwa Bakari, ukoo mzima hauna mtani mwingine wa maana. Mume wangu aliwahi kujaribu mara moja, akamtukana marehemu kwa maneno ya kweli, pakawa na ugomvi.

Hapo ndipo alipotokea wakili Danieli. Kijana wa Dar es Salaam, mwembamba, tai ndefu. Alikuwa akitafuta kesi ya uhuru wa kusema kama mtu anavyotafuta mchumba, na huko mjini hakuna aliyekuwa akisema kitu. Aliposikia kwamba Mtwara kuna kuli aliyesema, akaja mbio, akasema hataki malipo. Alimweleza Bakari kwamba kesi yake ni ya Waafrika wote. Bakari akamwuliza kama hao Waafrika wote watafungwa pamoja naye au watamwachia peke yake.

Dhamana ikapatikana, rufaa ikaenda Mahakama Kuu, na jaji akaja Mtwara kuisikiliza. Jaji huyo alikuwa mgeni, si wa nchi hii, mzee mwekundu anayejipepea kwa faili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai, kwa hiyo alikaa mkalimani katikati. Wakili Danieli akaeleza utani. Jaji akataka kusikia kwa mshtakiwa mwenyewe. Bakari akasema: sisi tunayo ruhusa ya kuwatukana. Mkalimani, kijana aliyependa Kiingereza kizito, akaliacha neno la ruhusa akachukua neno la leseni. Jaji akaweka kalamu chini.

"Anauliza," mkalimani akamgeukia Bakari, "leseni yenyewe iko wapi?"

Bakari alifikiri. Katika maisha yake yote leseni moja tu aliwahi kukata. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa leseni ya baiskeli, akaitoa kwa mikono miwili kwa heshima, kwa kuwa aliyeomba alikuwa mzee.

Mnadhani jaji alicheka? Aliisoma mbele na nyuma. Akaipokea kama kielelezo, karani akaipiga mhuri, na hukumu ikaja kwamba leseni iliyotolewa haihusu maneno ila baiskeli, na kwamba hata hiyo baiskeli, leseni yake imekwisha muda. Kifungo kikabaki palepale. Bakari alirudi Mpapura kwa miguu, akiikokota baiskeli, akiogopa kuipanda.

Wakili Danieli alifurahi sana. Alisema sasa tunakwenda kwenye mahakama ya rufani, kubwa kuliko zote, na huko ndiko uhuru wa kusema utakakoamuliwa. Dhamana ikaendelea, lakini kwa sharti jipya: mpaka rufaa iishe, Bakari asitamke neno lolote la utani, dhihaka wala kejeli. Tunakwenda kutafuta uhuru wa kusema, na nauli yake ni kunyamaza.

Sharti hilo lilimtesa kuliko kifungo. Makuli wenzake bandarini walipolijua hawakumhurumia hata kidogo. Walimwita bubu, bibi harusi, mkutano wa Katibu Tarafa. Yeye anameza. Mtu anayetukanwa bila kujibu hukonda. Zuhura alimpunguzia suruali mara mbili.

Katikati ya kungoja huko akafa Bi Fatuma, mama yake Athumani.

Athumani alikuja kwangu asubuhi, kwa miguu, bila Landrova. Alivaa msuli kama watu. Alisimama uani katikati ya kuku wangu. Nilimkaribisha mkeka.

"Shemeji," alisema, maana kwa utani wetu huniita hivyo, "mama amelala ndani, kaburi halijaguswa. Kila ninayemwambia achimbe ananiambia mtani yupo."

"Mtani yupo," nikasema. "Umemfunga mdomo."

"Si mimi. Ni mahakama."

"Mahakama ilitoka wapi? Ilipita njia ikasikia harufu ya ubwabwa?"

Akainamisha kichwa. Alisema mama yake alimwachia neno moja tu: asizikwe kama mtu asiye na kwao. Nilinyanyuka nikamwita Bakari, nikawaacha wenyewe.

Sijui walisema nini. Nadhani mmoja alisema na mwingine alitikisa kichwa. Ninachojua ni kwamba Bakari alichukua jembe, akaenda akachimba, na lilipofika wakati wa utani, watu wote wamezunguka, na polisi mmoja ameletwa asimame pale kusikiliza kama sharti litavunjwa, Bakari hakufungua mdomo. Alipanda juu ya tuta la udongo. Akaingiza kanzu ya mtu ndani ya shati, tumbo likatokeza. Akachomeka kijiti cha muhogo sikioni kama kalamu. Akakohoa, akakunjua karatasi isiyokuwapo, akaanza kuhutubia bila sauti, mkono huu juu, mkono huu juu, akijipigia makofi mwenyewe. Kisha akamwelekea marehemu, akapiga magoti, akamwonyesha kwa vidole jinsi alivyomzaa mtoto huyu, jinsi tumbo lilivyotangulia kutoka, mtu akafuata baadaye sana.

Kicheko kile sijakisikia tena. Wanawake walikaa chini. Yule polisi alifungua daftari lake, akasimama na kalamu hewani, aandike nini? Na Athumani, aliyekuwa hajatoa chozi tangu mama yake alipokata roho, alicheka mpaka akalia, akalia kweli kweli, akishika bega la Bakari ili asianguke. Akatoa kuku. Safari hii alikuja naye kutoka kwake, nilihakikisha.

Kesho yake Athumani akaenda mjini kuifuta kesi. Alirudi amenywea. Alisema amewaambia kwamba amemsamehe mtu, na wakamwambia si yake kusamehe, kesi ni ya Jamhuri. Akawaambia aliyetukanwa ni yeye. Wakamwambia yeye ni shahidi tu. Aliyetukanwa ni Jamhuri. Akauliza huyo Jamhuri anakaa wapi amwone wazungumze, wakamwambia, Bwana Katibu, wewe ndiye unayemwakilisha. Bakari alisikiliza akitikisa kichwa. Mimi nilisema basi hilo ndilo tatizo: Jamhuri hana ukoo, kwa hiyo hana mtani, ndiyo maana hacheki.

Tulikwenda Dar es Salaam kwa meli, kwa kuwa masika yalikuwa yameifunga barabara. Zuhura alikuwa ananyonyesha, mume wangu hapandi chombo cha majini, kwa hiyo nilikwenda mimi, na sikujuta. Wengine huniambia mwanamke wa Mpapura alikuwa na kazi gani mahakamani. Nilikuwa na kazi ya kuona.

Majaji walikuwa watatu, na joho zao, na maji katika chupa. Wakili Danieli alisimama akasema. Jamani, alisema! Mkalimani aliyekaa nyuma alitunong'onezea kwa mafungu. Danieli alitaja katiba, dibaji yake, imani ya chama, mataifa yaliyoungana, na nchi nyingine ambazo watu wake husema watakavyo na hawajafa. Jaji wa katikati akamjibu kwamba dibaji si sheria. Ni kama lile neno la karibu linaloandikwa kwenye zulia la mlangoni: ni jema, lakini haliwezi kukupa chakula. Danieli akanywa maji, akaanza upya. Tukaenda kula, tukarudi, bado yuko kwenye uhuru. Bakari alisinzia. Nilimfinya, nikamwambia Waafrika wote wanatetewa hapa, amka.

Yule jaji wa mkono wa kushoto, mzee mwenye kipara, alikuwa hasemi. Muda wote alikuwa akifunua kumbukumbu za mahakama ya wilaya, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayechambua mchele. Mara akainua kidole, akamwuliza wakili wa serikali jambo. Nami, kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, nilisikia neno moja nililolifahamu. Kuku. Sikungoja mkalimani.

Mzee yule alitaka kujua kwa nini mtu anayetukanwa ampe anayemtukana kuku. Wakili wa serikali akafungua vitabu vyake. Akafunga. Akaomba muda. Jaji wa katikati akauliza kama kuku alikuwa mzima au aliyepikwa, na Danieli, ambaye alikuwa amejiandaa kwa katiba na si kwa kuku, akageuka nyuma kunitazama mimi. Nikapandisha na kushusha mabega kama mabawa. Mzima.

Niliogopa. Kwa sababu swali lililofuata, kwa mtu yeyote mwenye akili, lingekuwa: kuku wa nani? Wangeuliza hilo, ingebidi Athumani aonekane ametoa mali isiyo yake, na Bakari amepokea mali ya wizi, na leo ningekuwa nasimulia kesi mbili. Nilikaza kanga. Hawakuuliza. Watu waliosoma mpaka mwisho wa kusoma, watatu, hakuna aliyeuliza.

Hukumu ilisomwa asubuhi yake. Ilisema hivi: mtu aliyetukanwa kweli hutoa ngumi, au hutoa taarifa; hatoi kuku. Aliyetoa kuku ameyapokea maneno kama yalivyokusudiwa, na amani haikuwa katika hatari yoyote. Rufaa imekubaliwa, mshtakiwa yuko huru. Kuhusu uhuru wa kusema, majaji walisema kwa kuwa kuku ametosha kuimaliza kesi, hawaoni haja ya kuligusa jambo hilo. Waliuruka kama dimbwi, wameshika joho zao.

Danieli alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alikuwa ameshinda, na uso wake wa mfiwa. Bakari akamtazama, na kwa kuwa sharti lilikuwa limekwisha, akamwambia neno la kwanza la utani baada ya kimya kile chote: "Usilie, wakili. Umesomea uhuru miaka mingi, kumbe ungefuga kuku."

Walimrudishia na leseni yake ya baiskeli, ina mihuri mitatu. Aliitundika ukutani.

Alirudi bandarini akabeba magunia, na msibani akatukana mpaka alipotosheka. Tulipohamishiwa kijiji kipya alikuwa wa kwanza kuitukana nyumba yake mwenyewe. Mwaka wa sabini na tano kifua kikamshika, na kifua kile kilichokuwa pipa kikawa chungu cha ufa. Akafa akiwa na leseni ukutani.

Athumani alikuja kwa miguu, amestaafishwa, shati la kawaida. Alichimba yeye mwenyewe, tumbo lake likimsumbua. Lilipokwisha akakaa ndani ya kaburi, akatutazama sisi wafiwa.

"Huyu mliye naye hapa," alisema, "ni mwendesha baiskeli aliyepewa na majaji wakuu leseni ya kutukana watu. Mimi namjua. Akifika huko atamwambia malaika Munkari kalamu yake imekwisha wino."

Zuhura alicheka katikati ya kilio, ikawa kama inavyotakiwa. Nikamjibu mimi, kwa kuwa mume wangu hajui. Nilisema kina Likwata wamemchimbia mtu wetu shimo pana kuliko wanavyochimba mihogo yao, basi kumbe kulima wanajua, walikuwa wavivu tu.

Halafu akafanya kama mila inavyosema. Akanyoosha mkono juu kutoka kaburini.

"Bila kuku sitoki."

Watu wakanigeukia. Uani palikuwa na kuku, na mtoto mmoja alikwisha kuanza kumvizia tetea. Nikamwambia amwache.

"Mtani," nikasema, "wako ulikwisha kumchukua zamani. Jogoo mwekundu, msiba wa baba yako. Alikuwa wangu."

Athumani alibaki na mkono juu. Niliona anakwenda nyuma mwaka kwa mwaka: meli, majaji, leseni, hakimu, dereva, mpaka akafika uwanjani, jogoo anapita zake.

Akashusha mkono. Akatoka kaburini bila kushikwa, akapangusa udongo magotini, na tukamweka shemeji yangu.